Mafuta ya Simsim au ya Nazi: Yapi Yanunuliwe kwa Nyumba ya Lamu, na kwa Kazi Gani

Nyumba nyingi za Lamu huwa na mafuta ya aina tatu kwa wakati mmoja: ya nazi, ya simsim ambayo wazee bado huyaita uto, na yale ya dukani ya kukaangia, ambayo aghalabu ni ya mawese yaliyosafishwa. Haya ya tatu hayana mjadala mkubwa, kwa kuwa hununuliwa kwa unafuu wa bei na kazi yake ni kwenye karai. Ushindani uko kati ya yale mawili ya mwanzo, hasa kwa mtu ambaye mfuko wake unaruhusu chupa moja nzuri kwa mwezi, na ambaye amekwisha kusikia kila mmoja akiyasifu ya kwao: mkulima wa Hindi au Mpeketoni, ambako simsim hulimwa, huapa kwa simsim, na mwenye minazi haoni kwa nini mtu anunue kitu kingine ilhali nazi zinaanguka zenyewe uani.

Rai yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asihangaike. Kwa chakula, nyumba inayopika kwa tui karibu kila siku inunue simsim. Kwa nywele, inunue nazi. Kwa kukaanga mahamri na viazi vya karai, isinunue yoyote kati ya haya mawili. Sababu zake zinahitaji maelezo marefu kidogo, na zinaanzia kwenye namna mafuta yenyewe yanavyopatikana.

Namna yanavyoshindikwa

Nusu ya uzito wa punje ya simsim, au karibu na hapo, ni mafuta. Kwa karne nyingi mafuta hayo yalitolewa kwa kinu kikubwa cha gogo kilichozungushwa na ngamia, kifaa kilichojulikana katika mwambao huu wote kutoka Unguja na Lamu hadi Mogadishu, na ng'ambo ya bahari hadi Yemeni na Omani. Mchi mzito huegemea ukuta wa ndani wa kinu, ngamia aliyefungwa macho huuzungusha polepole, simsim inasagika na kupata joto la msuguano tu, na mafuta yanakusanyika katikati huku makapi, yaani mashudu, yakigandamana kwenye kingo na baadaye kupewa ng'ombe na mbuzi. Siku hizi mashine ndogo za kukamua zinafanya kazi hiyo kwa haraka zaidi, lakini msingi ni ule ule: mbegu, mgandamizo, na kuyaacha mafuta yatulie hadi mashapo yazame chini ya chombo.

Mafuta ya namna hii yana rangi ya dhahabu na harufu ya njugu mbichi kwa mbali. Yasichanganywe na aina nyingine mbili zinazouzwa kwa jina hilo hilo. Ya kwanza ni yale yaliyosafishwa kiwandani, meupe karibu kama maji, yasiyo na harufu wala ladha ya kutajika, ambayo yamepoteza sehemu ya viambato vyake lakini yanastahimili moto mkali zaidi. Ya pili ni yale ya rangi ya kahawia iliyokoza, yanayoletwa katika chupa ndogo kutoka nchi za Asia ya Mashariki, yaliyokamuliwa kutoka simsim iliyokaangwa kwanza. Hayo ni kiungo cha kutia matone machache juu ya chakula kilichokwisha kuiva, na mtu anayeyamimina kwenye sufuria kama mafuta ya kupikia atapata chakula chungu na jiko lililojaa moshi. Ninaposema simsim katika makala haya, nakusudia ile ya kinu au mashine ndogo, ya kukamuliwa bila kusafishwa.

Mafuta ya nazi, kwa upande wake, yana njia mbili. Ya nyumbani ni nazi zilizokunwa kwa mbuzi, zikakamuliwa tui, na tui likachemshwa kwa moto mdogo hadi maji yaishe na mafuta yajitenge. Kazi hiyo hutumia nazi kumi au zaidi kwa lita moja, na ubora wake wote uko kwenye subira ya mpishi, kwa sababu maji yakibaki ndani, mafuta yanachacha katika muda wa wiki chache, na yakiungua yanakuwa na harufu ya moshi isiyotoka. Njia ya pili ni ya mbata, yaani nazi iliyokaushwa na kukamuliwa mashineni. Mbata zilizokaushwa vibaya huota ukungu, ndiyo maana mafuta yake mengi husafishwa kiwandani kabla ya kuliwa. Kwa hiyo anayenunua mafuta ya nazi amuulize muuzaji swali moja tu: ni ya tui au ya mbata?

Jikoni

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na ni tofauti ya kipimo. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote kati ya haya kina kalori kama 120, kwa hiyo asidanganyike mtu kwamba mojawapo linanenepesha na jingine halinenepeshi. Kinachotofautiana ni aina ya asidi za mafuta zilizomo. Katika gramu 100 za mafuta ya simsim, asidi zilizoshiba, zile zinazopandisha lehemu mbaya katika damu, ni kama gramu 14 tu, na zilizobaki ni zisizoshiba, zikigawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya asidi ya oleiki, ambayo ndiyo nyingi katika mafuta ya zeituni, na asidi ya linoleiki. Katika gramu 100 za mafuta ya nazi, zilizoshiba hupita gramu 80.

Shirika la Afya Duniani linashauri asidi zilizoshiba zisizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hiyo ni kama gramu 22. Kijiko kimoja cha mafuta ya nazi kinabeba gramu 11 au zaidi, yaani nusu ya kiwango hicho, ilhali kijiko cha simsim kinabeba gramu 2. Mwaka 2017 chama cha madaktari na watafiti wa moyo cha Marekani, American Heart Association, kilitoa waraka uliotaja mafuta ya nazi kwa jina na kushauri watu wasiyatumie kama mafuta ya kupikia, licha ya sifa nyingi zilizokuwa zikisambaa wakati huo.

Sasa mtu wa Lamu atauliza, na ana haki ya kuuliza, mbona babu zetu walikula nazi na wakafika miaka themanini? Sitaki kubishana na babu wa mtu. Naomba tu itazamwe sufuria ilivyo leo. Wali ni wa nazi, mchuzi wa samaki ni wa tui, maharagwe yameungwa kwa tui, na mkate wa sinia nao una tui ndani yake. Kikombe kimoja cha tui zito kina zaidi ya gramu 40 za asidi zilizoshiba, na ingawa kinagawanywa kwa walaji kadhaa, kinarudi mezani mara mbili kwa siku. Nyumba ya namna hii haikosi mafuta ya nazi hata kama haina chupa yake kabatini, kwa kuwa inayala ndani ya tui. Kuongeza mafuta ya nazi ya kukaangia vitunguu kabla ya kutia tui ni kurudia kitu kile kile, na kuyabadilisha hayo ya vitunguu kuwa simsim ni badiliko dogo ambalo halimnyang'anyi mtu chakula chake cha asili. Kwa nyumba isiyopika kwa tui, mfano wa mpangaji kutoka bara ambaye chakula chake ni ugali, sukuma wiki na maziwa, hoja hii inapungua nguvu, na anaweza kuchagua kwa ladha anayoipenda.

Kuhusu ladha, simsim inang'aa pale inapotiwa mwishoni: juu ya mchicha uliokaushwa, juu ya kunde, ndani ya kachumbari, au ikipakwa kwenye mkate wa mofa ungali moto. Kwa achari ya embe sioni mshindani wake, kwa sababu haigandi, inaingia kwenye nyama ya embe, na inakaa miezi bila kuchacha upesi. Nazi ina nafasi yake kwenye vitumbua na vibibi, ambako harufu yake ndiyo inayotafutwa. Samaki wa kupaka asiguswe na simsim hata kidogo. Ladha mbili hizo hugombana.

Kwenye moto mkali hali inageuka. Mafuta ya simsim yasiyosafishwa, na vilevile ya nazi ya tui, huanza kutoa moshi kwenye nyuzi 175 hivi, ambacho ndicho kiwango cha joto karai la mahamri linachohitaji au kuzidi kidogo. Mafuta yakifika hapo huanza kuvunjika, yanakuwa machungu, na fedha ya mtu imekwenda na moshi. Simsim iliyosafishwa kiwandani inaweza kufika nyuzi 210 au zaidi, lakini bei yake kwa karai zima haiendani na biashara wala na nyumba ya kawaida. Mafuta ya dukani ya kukaangia yatumike hapo, yasirudiwe mara nyingi, na chupa nzuri ihifadhiwe kwa kazi yake.

Sifa za afya, na zile zilizozidishwa

Simsim ina viambato viwili ambavyo nazi haina, sesamini na sesamolini, na mbegu zikipata moto, sesamolini hutoa kingine kiitwacho sesamoli. Hivi ni vizuizi vya kuchacha, na ndiyo sababu mafuta yaliyojaa asidi zisizoshiba, ambayo kwa kawaida yangeharibika haraka, yanastahimili kabati la pwani kuliko mafuta ya alizeti. Tafiti kadhaa ndogo zimeonyesha kwamba watu wenye shinikizo la damu waliobadili mafuta yao na kula simsim walipata nafuu ya kadiri katika vipimo vyao, na hilo linaendana na tunachojua kuhusu kupunguza asidi zilizoshiba. Hakuna utafiti uliosema mgonjwa aweke vidonge pembeni, na yeyote anayeuza chupa kwa ahadi hiyo aachwe na chupa yake.

Kuna sifa moja inayosikika sana sokoni ambayo si sahihi, nayo ni kwamba mafuta ya simsim yanaimarisha mifupa kwa sababu ya madini ya kalisi. Gramu 100 za punje nzima za simsim, zenye maganda yake, zina karibu miligramu 975 za kalisi pamoja na chuma kingi, lakini madini hayapiti kwenye mafuta. Hubaki kwenye mashudu. Mama mjamzito au mzee anayetafuta kalisi atafaidika zaidi na kashata za simsim, au simsim iliyosagwa ikachanganywa kwenye uji, kuliko na chupa nzima ya mafuta. Ng'ombe wanaolishwa mashudu, kwa hesabu hii, wanapata sehemu nono kuliko wenye kinu.

Kwa upande wa nazi, inasifiwa kwamba asidi yake kuu, ya lauriki, huua vijidudu. Jambo hilo lina ukweli maabara, lakini kutoka kwenye sahani ya maabara hadi kinywani mwa mtu ni safari ndefu. Wako wanaosukutua mafuta mdomoni kila asubuhi, desturi iliyotoka India ambako simsim ndiyo iliyotumika zaidi, na majaribio machache yameonyesha kupungua kwa utando wa meno. Anayependa afanye, ateme, kisha apige mswaki kama kawaida.

Mwilini: nywele, ngozi, mzazi na mtoto

Kwa nywele, nazi inashinda bila ubishi mkubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini yatokanayo na petroli, ukaona kwamba ni ya nazi pekee yaliyopunguza upotevu wa protini katika nywele, kwa sababu asidi ya lauriki ni ndogo na imenyooka kiasi cha kupenya ndani ya unywele badala ya kubaki juu yake. Simsim haikuwemo katika jaribio hilo, lakini asidi zake kuu ni ndefu na zimepinda kama za alizeti, kwa hiyo sioni sababu ya kutarajia ifanye kazi ya nazi.

Kwa kukanda mwili, mizani inaelemea simsim. Ni mepesi mkononi, hayagandi, na hayakauki upesi, ndiyo maana wakandaji wa mzazi katika siku arobaini huyapendelea, na kwenye singo ya bibi harusi huchanganyika vizuri na unga wa liwa bila kufanya madonge. Kasoro yake ni doa: likishika shuka nyeupe halitoki kirahisi, na likikaa linanuka. Mafuta ya nazi yanafuliwa kwa urahisi zaidi.

Kwa mtoto mchanga, utafiti mmoja wa India wa mwaka 2000 ulijaribu mafuta manne ya kukandia, na kundi la simsim likaonyesha ukuaji bora kuliko mengine. Utafiti mmoja haufungi mjadala, ila unatosha kumtoa hofu mama mkwe anayependa kukanda. Hofu ya kweli iko kwingine, katika mambo mawili. Mafuta yasitiwe puani mwa mtoto kwa nia ya kumzibua, kwa kuwa yanaweza kuingia mapafuni na kuleta homa ya mapafu. Na simsim ni miongoni mwa vyakula vinavyoleta mzio mkali kwa baadhi ya watu, kiasi kwamba tangu tarehe 1 Januari 2023 sheria ya Marekani imeitambua kuwa kizio kikuu cha tisa ambacho lazima kitajwe kwenye kila kifurushi cha chakula. Mafuta ya kinu, kwa kuwa hayakusafishwa, hubeba chembe za protini ya mbegu, na ndizo zinazoamsha mzio huo. Mwenye mtoto aliyewahi kuvimba midomo au kutokwa na vipele baada ya kula kashata ya simsim asiyaguse mafuta haya kabisa, achague nazi.

Dukani na kabatini

Simsim ikiwa ghali, kuna wanaoichanganya. Kipimo cha kwanza ni hesabu, na hakihitaji maabara. Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi, na punje hutoa nusu ya uzito wake kama kila tone lingetoka, jambo ambalo halitokei kinuni. Kwa hiyo lita moja ya simsim inatoka kwenye kilo mbili za punje au zaidi. Uliza bei ya kilo ya simsim kwa muuza nafaka kabla hujaingia duka la mafuta. Ukiuziwa lita kwa bei iliyo chini ya kilo mbili za punje, kilichomo chupani si simsim peke yake.

Nakumbuka mazungumzo katika duka moja la Langoni, mteja akiwa bibi wa makamo mwenye chupa mbili mkononi. "Mwanangu, haya ya kinu, nusa," alisema mwenye duka, akimpa kizibo. Bibi akanusa, akatia tone kwenye kidole cha shahada, akalionja, kisha akauliza, "Ami, yameshindikwa lini?" Mwenye duka akawa na la kusema kuhusu chupa ya kwanza, lakini kuhusu ya pili akacheka tu. Bibi akalipia ya kwanza. Swali hilo la tarehe ni bora kuliko maelezo yote ya lebo.

Kipimo cha pili ni cha jokofu. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24, kwa hiyo chupa yake ikiwekwa kwenye jokofu lazima iwe nyeupe na ngumu yote. Ikibaki na sehemu ya maji maji juu, imeongezwa kitu. Simsim hufanya kinyume, hubaki maji maji, na ikifanya mabonge meupe, huenda kuna mawese au nazi ndani yake. Kipimo hiki hakimkamati aliyechanganya alizeti au soya, na hapo mtu hutegemea pua yake na uaminifu wa muuzaji. India walipata kutumia sifa ya simsim kwa njia ya werevu: sheria ililazimisha samli ya mimea kutiwa asilimia 5 ya mafuta ya simsim, kwa sababu simsim ikikutana na tindikali na dawa moja ya maabara hutoa rangi nyekundu, na hivyo mkaguzi aliweza kumnasa aliyechanganya samli hiyo na samli halisi ya ng'ombe.

Nyumbani, nazi inahitaji ukavu tu, kijiko chenye maji kisiingie. Simsim inahitaji giza. Chupa ya plastiki iliyo wazi dirishani, jua la asubuhi likiipiga, itachacha kabla haijaisha, kwa hiyo ihamishiwe kwenye chupa ya kioo cheusi au chombo cha udongo chenye kizibo, mbali na jiko. Nyumba inayotia vijiko viwili vya chakula kwa siku inatumia kama mililita 30, na lita moja inaifikisha mwezi mzima na siku chache. Kununua dumu la lita tano kwa ajili ya punguzo ni kununua mafuta ambayo sehemu yake inaweza kuchachia kabatini, isipokuwa kama majirani wawili watagawana siku ile ile linapofunguliwa.